Kodiani Hupumua: Zilipendwa na Maneno Yasiyosikika

Utangulizi

Wapenzi wa muziki wana msemo wao kwamba ala haina lugha. Mpiga gitaa wa Dar es Salaam, mpiga kodiani wa Nairobi na mpiga kinanda wa London, yasemwa, wote wanaweza kupiga wimbo mmoja bila kujua hata neno moja la lugha uliyotungiwa. Makala haya mafupi yananuia kuupinga msemo huo. Siupingi kwa ala zote, bali kwa ala moja tu, yaani kodiani. Hoja yangu ni kwamba mpiga kodiani asiyeyajua maneno ya wimbo hujifichua mwenyewe mbele ya yeyote mwenye sikio la Kiswahili, na kwamba jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili wa mashariki mwa Uganda kuliko tunavyodhani.

Nyimbo ninazozungumzia ni zile tunazoziita zilipendwa: nyimbo za dansi na za mapenzi za miaka ya 1960 na 1970, ambazo hata mtoto aliyezaliwa juzi huzijua kwa kuzisikia redioni, harusini na katika sherehe za shule. Siku hizi hupigwa kwa kodiani pasipo mwimbaji, hasa pale ambapo wenyeji wa shughuli wanataka muziki wa taratibu wakati wageni wanakula. Hapo ndipo uhakiki unapopata kazi. Maneno yameondolewa, imebaki sauti, nasi tunauliza: je, wimbo bado upo?

Ala yenyewe

Kabla ya kuhukumu ni vyema tuelewe chombo. Kodiani ilipewa hataza mjini Vienna mwaka 1829 kwa jina la Cyrill Demian. Ndani yake mna vilimi vyembamba vya chuma; upewa ukipita kwenye kilimi, kilimi hutetema na sauti hutoka. Upepo huo hutoka kwenye mivukuto, nalo neno hili hatukulibuni kwa ajili ya muziki, ni lile lile la mhunzi anayepuliza moto wake. Mkono wa kulia hubonyeza vibao au vitufe vya sauti ya wimbo. Mkono wa kushoto hubonyeza vitufe vya besi, na huo huo ndio unaofungua na kufunga mivukuto.

Hapa pana jambo moja ambalo msomaji asilipite haraka. Katika piano, nguvu ya sauti hutegemea jinsi kidole kinavyopiga kibao. Katika kodiani, kidole hakina mamlaka hayo. Ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole ni mamoja. Sauti hupanda na kushuka kwa msukumo wa mivukuto. Aidha, mivukuto haifunguki bila kikomo. Mpigaji hufika mwisho wa mkono, ikambidi ageuze, na pale anapogeuza sauti hukatika kidogo, sawa na mwimbaji anapovuta pumzi. Kwa hiyo kila mpiga kodiani, apende asipende, anaamua wapi wimbo upumue. Mpiga gitaa halazimiki kufanya uamuzi huo. Mwimbaji hulazimika, naye huufanya kwa kuongozwa na maneno.

Upande wa besi nao una hekima yake. Kodiani kubwa huwa na vitufe 120 vya mkono wa kushoto, vimepangwa ili sauti zinazohusiana zikae jirani. Nyimbo nyingi za zilipendwa hutembea juu ya mikusanyo mitatu tu ya sauti, ile ambayo wapiga gitaa wetu huiita kodi (wala si ile ya serikali). Katika kodiani kodi hizo tatu zimekaa safu tatu zinazofuatana: ya nyumbani katikati, nyingine mbili pembeni yake. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa miezi michache anaweza kuandamana na wimbo mzima bila kutazama mkono wake. Wepesi huu ni neema, lakini pia ni mtego, kwani humfanya mtu aamini kwamba ameujua wimbo kumbe amejua njia ya vidole tu.

Walivyoipiga waliotutangulia

Kodiani si mgeni Afrika Mashariki. Ilipofika, kila jamii iliipa kazi yake, na yafaa tuzitazame kazi mbili kwa ulinganisho.

Ya kwanza ni mwomboko wa Wakikuyu, ngoma iliyoshamiri katika miaka ya 1940, yenye athari za dansi za Kizungu. Vyombo vyake ni vichache: kodiani na karing'aring'a, yaani pete ya chuma inayogongwa. La muhimu kwetu ni kwamba mpiga kodiani wa mwomboko ni mwimbaji pia. Mapafu yake na mivukuto yake hufanya kazi pamoja. Anapovuta pumzi aseme mstari unaofuata, mkono nao hugeuka. Hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo darasani. Mwili wenyewe ulimfundisha.

Ya pili ni taarabu ya Unguja. Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na katika vikundi vya namna hii kodiani huketi pamoja na fidla, udi na kanuni. Haipigi kodi. Hufuata wimbo sauti kwa sauti pamoja na fidla, na mwimbaji anapomaliza mshororo huitikia. Mpiga kodiani wa taarabu haimbi, lakini anamsikiliza anayeimba, na hajibu mpaka mshororo ukamilike. Anajua mshororo umekamilika kwa sababu anajua Kiswahili, anajua vina, na anasubiri kina kitue. Akiingia mapema atamkata mwimbaji neno mdomoni, na hadhira ya taarabu hailisamehei kosa hilo kwa urahisi.

Mila hizi mbili ni tofauti kabisa kwa mdundo na kwa mizani, lakini zinakutana mahali pamoja: kodiani inatii maneno. Katika ya kwanza maneno yamo kinywani mwa mpigaji mwenyewe; katika ya pili yamo masikioni mwake. Swali letu ni nini hutokea maneno yanapokosekana kinywani na masikioni.

Niliyoyasikia Wanyange

Wanyange ni kilima kilicho kando ya Jinja, kinachotazama Ziwa Viktoria, na jirani yake ni mashamba ya miwa ya Kakira. Eneo hili lina historia ndefu ya watu wa makabila mbalimbali kukutana kazini, na Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha za makutano hayo. Hata hivyo, lugha ya nyumbani hapa ni Lusoga, na Luganda husikika kila mahali. Kiswahili wengi wetu tumekiokota njiani, sokoni, kambini na katika nyimbo.

Katika karamu moja ya harusi huko Wanyange nilimsikiliza dada mmoja, ambaye sitamtaja, akipiga kodiani ya vibao kwa muda wa saa nzima. Mkono wake ulikuwa mwepesi na safi. Besi haikumzidi, na kodi hazikugongana. Kati ya nyimbo alizopiga, mbili zilifuatana, nazo ndizo zilizonifanya niandike makala haya: "Nabutono" ya marehemu Elly Wamala, iliyoimbwa kwa Luganda, na "Malaika", ambayo Fadhili William aliirekodi Nairobi katika miaka ya 1960.

Katika "Nabutono" dada yule alikuwa bingwa. Mivukuto iligeuka pale ambapo sentensi hugeuka. Irabu ndefu za Luganda zilipewa urefu wake, na pale mwimbaji anapotania, kodiani nayo ilitania. Wazee walioketi nyuma yangu walianza kuimba kwa sauti ya chini bila kuombwa, kwa sababu ala iliwapa nafasi ya kuyaweka maneno.

Ikaja "Malaika". Mpigaji ni yule yule, ala ni ile ile, na wimbo wenyewe ni mwepesi zaidi kwa vidole. Lakini wazee walinyamaza. Jina la wimbo lina silabi nne, ma-la-i-ka, na kwa kanuni tunayoifundisha kila mwaka mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Waimbaji huivuta sauti katikati ya neno kisha huiachia itue. Dada yule aligeuza mivukuto katikati ya mvuto huo huo. Sikio likasikia nusu ya neno, upenyo, kisha nusu nyingine. Wimbo uliporudi kwenye neno lile, akalikata tena pale pale, maana yake haikuwa ajali bali mpango wa mkono. Mwisho wa kila mstari aliisukuma sauti ya mwisho kwa nguvu, ilhali katika Kiswahili silabi ya mwisho inaweza kuvutwa ikawa ndefu, lakini haiwi na kishindo. Kurefusha na kukaza ni mambo mawili. Anayezungumza Kiswahili huyatofautisha bila kufikiri. Asiyekizungumza huyachanganya, hasa akiwa ametoka katika lugha zinazotegemea urefu wa irabu na toni, kama zilivyo Lusoga na Luganda.

Ningekuwa nimesikia "Malaika" peke yake, ningesema mpigaji hana ujuzi. Lakini dakika tano kabla yake nilikuwa nimesikia ujuzi wake wote. Tofauti kati ya nyimbo mbili zile haikuwa ya muziki. Ilikuwa ya lugha.

Mbale na wimbo usiotaka kodiani

Isije ikadhaniwa kwamba kuyajua maneno kunatosha. Mjini Mbale nilimsikia bwana mmoja aliyekulia karibu na mpaka wa Kenya, mwenye Kiswahili cha kuaminika, akipiga "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyotamba Nairobi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na wanamuziki waliotoka Tanzania. Aliimba mwenyewe huku akipiga, na kila neno lilikaa mahali pake. Hata hivyo wimbo haukusimama.

Sababu yake iko katika asili ya wimbo. "Sina Makosa" umejengwa juu ya magitaa yanayopokezana. Kila gitaa hudondoa sauti fupi, sauti hufifia, na katika nafasi iliyoachwa gitaa jingine huingia. Uzuri wote umo katika nafasi hizo. Kodiani haifahamu kufifia. Kitufe kikibonyezwa, sauti hudumu maadamu upepo upo. Bwana yule alijaribu kuwa magitaa yote kwa pamoja, matokeo yake akazijaza nafasi zote, wimbo ukawa ukuta usio na dirisha. Laiti angepiga mstari mmoja tu wa gitaa kwa kubonyeza na kuachia haraka, na besi akaipumzisha, tungesikia wimbo.

Kwa hiyo uteuzi wa wimbo nao ni sehemu ya uhakiki. Nyimbo zilizobebwa na sauti ya mwimbaji, kama "Malaika", huikubali kodiani. Nyimbo zilizobebwa na mpokezano wa magitaa huikubali kwa masharti. Ziko pia zinazoikataa kwa sababu za mizani. Nyimbo za embaire ya Busoga, ile marimba kubwa ya mbao, zina sauti tano ambazo umbali kati yake haulingani na vibao vya kodiani. Ukizipiga unazipotosha hata kama vidole vyako ni vya dhahabu. Vivyo hivyo baadhi ya maqamu za Kiarabu, kama vile rasti na bayati, zina sauti zinazokaa katikati ya vibao viwili, ndiyo maana Misri walikuwako waliorekebisha vilimi vya kodiani zao ili vizitoe sauti hizo. Nahawandi haina shida hiyo. Mpigaji anayetaka kuingia taarabu kutoka zilipendwa ajue ameingia nyumba gani.

Pingamizi

Yamkini msomaji atauliza: wageni wa harusi wamekuja kula na kufurahi, kwani kuna mtahini pale? Tena Miriam Makeba, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake, ndiye aliyeifikisha "Malaika" mbali kuliko mtu mwingine yeyote, na mwaka 1965 ikatoka katika sahani yake na Harry Belafonte. Je, naye tumhukumu?

La hasha. Makeba aliyaimba maneno. Aliyeimba maneno, hata akiwa na lafudhi ya kwao, amelazimika kuyapitisha kinywani, na kinywa humwonyesha wapi pa kupumua. Ninayemzungumzia ni yule aliyeuchukua wimbo kwa vidole bila kuupitisha kinywani hata mara moja. Wala sisemi kwamba ni haramu kulikata neno. Msanii anayelijua neno anaweza kulikata makusudi ili atushtue, na tukashtuka, kwa kuwa tunasikia kwamba analijua. Asiyelijua hawezi kutushtua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Huenda wengi wa waliokuwepo Wanyange hawakusikia kasoro yoyote, kwa kuwa nao hawayajui maneno vizuri. Kama hakuna aliyesikia, kosa liko wapi? Jibu langu ni kwamba kosa liko hapo hapo. Wale wasiosikia kasoro ndio wanafunzi wetu wa kesho. Wimbo ukiwafikia umekatwa, watauimba umekatwa, na siku tutakapoandika neno ubaoni tutakuta sikio limekwisha kujifunza mkazo mwingine. Samaki mkunje angali mbichi.

Jambo jingine dogo lakini la haki. Mtunzi wa "Malaika" amebishaniwa kwa miaka mingi. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, alidai ni wake, na wengine, akiwemo Adam Salim, wametajwa kuwa ndio waliotunga. Mpigaji anayeutangaza kuwa "wimbo wa asili" usio na mwenyewe anaufuta mgogoro mzima kwa maneno mawili. Kuyatoa maneno ya wimbo kusiwe sababu ya kulitoa na jina la mtu.

Faida kwa darasa letu

Kiswahili nchini Uganda kimepita njia ya miiba. Amri ya mwaka 1973 ilikifanya lugha ya taifa, lakini ilitoka kwa utawala wa kijeshi, na wengi walikihesabu kuwa lugha ya askari. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa ya mwanzo, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo ni mazuri, lakini hayafundishi mtu kusema. Mwalimu anayepelekwa Jinja au Mbale kwa mazoezi ya kufundisha atakutana na wanafunzi ambao Kiswahili chao cha kwanza ni cha nyimbo.

Basi ninapendekeza zoezi ambalo halihitaji fedha. Mwalimu achague wimbo mmoja wa zilipendwa. Wanafunzi wayaandike maneno, wagawe silabi, watie alama ya mkazo, kisha watie alama nyingine mahali ambapo mwimbaji anaweza kupumua bila kuliua neno au kuitenga nomino na kivumishi chake. Baada ya hapo wauimbe. Kama shule ina kodiani, au hata kinanda cha mdomo, ambacho nacho hutumia vilimi na pumzi, mwenye ujuzi apige kwa kuzifuata alama hizo huku wenzake wakisema maneno kimoyomoyo. Wakikwama, waonyeshe ni wapi. Katika kipindi kimoja watakuwa wamejifunza silabi, mkazo, kirai na sentensi, wala hawatajua kwamba wamefundishwa sarufi.

Kwa wapigaji wenyewe ushauri wangu ni mfupi zaidi. Usiupige wimbo wa Kiswahili kabla hujauimba, hata kama sauti yako si ya kuimbia watu. Uimbe peke yako jikoni. Pale utakapovuta pumzi, tia alama. Hapo ndipo mivukuto yako itageuka. Mwenye kodiani ya vitufe ambayo hubadili sauti kwa kufungua na kufunga atapata taabu zaidi, kwani hawezi kugeuza apendapo. Naye apange mapema ni kitufe kipi kitamfikisha mwisho wa neno bila kugeuza.

Hitimisho

Tumeona kwamba kodiani, tofauti na gitaa na piano, humlazimisha mpigaji kuchagua mahali pa kupumua, na kwamba katika mila zetu za mwomboko na taarabu uchaguzi huo uliachiwa maneno. Tumeona pia mpigaji mmoja akifaulu katika lugha aliyoizoea na kushindwa katika lugha ambayo hajaizoea, kwa mikono ile ile. Hili si la kumlaumu dada yule. Yeye alifanya kazi yake vizuri kadiri alivyofundishwa, na waliokuwa na wajibu wa kumfundisha "Malaika" kama Kiswahili, si kama safu ya vibao, ni sisi. Nimeambiwa bado hupiga katika harusi za upande ule. Mwanafunzi wetu atakayekuwa Wanyange muhula ujao amtafute, amsalimu kwa heshima, na amwombe waimbe pamoja kabla hajafungua mivukuto.